Siku Tuliyokwenda Kutazama Mahekalu ya Wajapani

Nina mazoea ya kuandika mambo ya siku, mistari miwili mitatu, ingawa skuli niliishia darasa la nane na mwandiko wangu wakati mwingine hata mimi mwenyewe unanishinda. Jumapili ile niliandika kwamba mvua haikunyesha na kwamba miguu iliniuma. Basi. Mengine yote nayatoa kichwani, na kichwa changu si cha kuaminiwa sana. Palipo na mashaka nitasema.

Tulikuwa tukikaa Hayes, London, karibu na uwanja wa ndege. Mume wangu akipanga mizigo kwenye maghala, mimi nikifanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee. Tuna watoto wawili, wote wa kike. Mkubwa ndiye mtu wa kwanza kwetu, upande wangu na upande wa baba yake, kumaliza chuo kikuu. Alipomaliza akaomba kazi ya kufundisha Kiingereza Japani, mwaka mmoja, katika mji mdogo ambao yeye mwenyewe aliutafuta kwenye ramani mpaka akachoka. Wakamkubali. Wakampa wiki chache za kujibu.

Akaja kwa baba yake. Hakuja kuomba nauli wala ruhusa, maana nauli wangemlipia wao na umri wa kuomba ruhusa ulikwishapita. Alikuja kutaka radhi. Alisema wazi, mbele yangu, kwamba bila ya radhi ya baba yake hatokwenda. Mimi nilifurahi kusikia hivyo. Nilijisemea, mtoto kazaliwa hospitali ya hapa hapa, Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza, na bado anajua radhi ni nini. Nilijisifu moyoni. Sasa nikikumbuka naona nilijisifu mapema.

Baba yake hakukataa. Alianza kuuliza maswali ambayo hayakuwa maswali. Huko watu si wanasujudia masanamu? Nyama yao inachinjwa na nani? Ukiumwa nani atakusomea Yasini? Mtoto akajibu kila moja kwa upole, mengine kwa kweli na mengine kwa kubahatisha, nami nilijua yapi ni yapi. Mwishoni akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba baba anaogopa kitu ambacho hajakiona, na kwamba vitu vya Wajapani vipo hapa hapa London, hahitaji hata pasi ya kusafiria. Aje avione kwanza, ndipo aseme.

"Sawa," mume wangu akasema. "Jumapili mie sina zamu. Nipeleke kwa hao Wajapani wako."

Mdogo alibaki nyumbani, ana mtihani. Tukatoka watatu. Mimi nilikuwa nimeamka mapema nikakaanga katlesi na sambusa, nikatia chai kwenye chupa, kama watu wanaokwenda safari ya mbali.

Kwanza alitupeleka Kew, kwenye zile bustani kubwa za miti. Ndani kabisa, juu ya kilima kidogo, kuna lango la mbao la Kijapani. Mtoto alitueleza kwamba ni mfano wa lango la hekalu moja la kwao, hekalu la zamani sana, limeletwa hapa miaka mingi nyuma kwa ajili ya maonyesho na halikurudi tena. Mume wangu akasema, kama sisi. Hapo ndipo tulipocheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Lango lile ni kazi. Sijui niseme vipi. Paa lake limepinda kama ukingo wa mkeka ulioachwa juani, na milangoni mmechongwa maua na wanyama kwa namna ambayo ukisogea unaona, ukirudi nyuma huoni. Mume wangu alilizunguka kimya. Alinyoosha mkono kwenye ua moja, na mtoto akamwambia haraka asiguse, imeandikwa pale watu wasiguse.

"Sijagusa," akasema. "Nimetazama kwa kidole."

Karibu na lango wametengeneza bustani ya kokoto iliyopigwa reki mpaka ikafanya mistari kama maji yanayotembea, na pembeni kuna kibeseni cha jiwe ambacho maji yanadondokea tone tone. Mtoto akatueleza kwamba kwao, kabla ya kuingia hekaluni, mtu ananawa: mkono huu, kisha huu, kisha anasukutua mdomo. Alituonyesha kwa ishara tu, bila ya kutia mkono majini. Mume wangu alimwangalia mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama puani hawapandishi maji, kama sisi tukitia udhu. Mtoto akasema hapana, puani hawapandishi. "Wamebakisha kidogo," akasema baba yake, na nilimjua kwa sauti ile kwamba kitu kimelegea ndani yake.

Adhuhuri ilipoingia mume wangu alitaka kuswali. Tukatafuta pahala penye majani, nyuma kidogo ya lango, akatandika koti lake. Alipokuwa katika rakaa ya pili wakaja mume na mke, wazee, kwa sura zao Wajapani au labda Wachina, siwezi kuapa. Njia yao ilikuwa ipite mbele yake. Wakasimama. Mzee wa kiume akamshika mkewe kiwiko, wakangoja, hawakusema neno wala hawakupiga picha, mpaka alipotoa salamu kulia na kushoto. Ndipo wakapita, na mzee yule akainamisha kichwa kidogo. Mume wangu naye akainamisha chake, nafikiri bila ya kukusudia.

Tulipokuwa tunakula alikuwa mtu mwingine. Akauliza huko baridi yake inafika wapi. Akauliza samaki wanawapika vipi, na alipoambiwa wengine hawawapiki akakunja uso lakini akacheka. Akamtania mtoto kwamba akirudi atakuwa anainama mpaka akipita jirani na mbwa wake. Nasema "akirudi" kwa sababu ndivyo alivyosema, nililisikia neno lile na mtoto alilisikia. Mtu harudi kabla ya kwenda. Tuliangaliana, mimi na yeye, na nikampa katlesi ya mwisho.

Kama tungerudi nyumbani hapo! Nimelifikiria hili mara nyingi, na kila nikilifikiria najiambia si haki kulilaumu basi lililotupeleka Battersea. Mtoto ndiye aliyetaka twende, na alikuwa na sababu: lango ni lango tu, halina watu, na yeye hakutaka baba yake aseme baadaye kwamba alionyeshwa nusu. Alitaka aone pahala penye ibada hasa. Mtu mwingine angeficha sehemu ile. Yeye hakuficha.

Katika bustani ile ya Battersea, ukingoni mwa mto, kuna mnara mweupe wa Wajapani, wanauita pagoda. Una mapaa mawili, na pande zake nne kuna masanamu ya dhahabu ndani ya vishubaka, moja limesimama, moja limelala. Unapanda ngazi unauzunguka. Mume wangu alipanda, akazunguka upande wa mtoni, akasimama huko akitazama maji. Masanamu hakuyatazama wala hakuyakwepa. Nilikaa kwenye ngazi nikivua kiatu kimoja, maana mguu ulikwisha kunivimba.

Alikuwapo bibi mmoja wa Kijapani, mdogo wa umbo, kavaa koti jeusi zuri. Alikuwa na paketi ya vijiti vya udi. Akawasha kimoja akakisimamisha kwenye chungu cha mchanga alichokuja nacho mwenyewe, akasimama kimya, viganja vimeshikana. Mwanangu alikuwa amekaa mbali kwa adabu. Bibi alipomaliza akageuka akamwona, akatabasamu, akatoa kijiti kingine akakiwasha na kumnyooshea kwa mikono miwili.

Sasa hapa nataka niseme kwa uangalifu. Mwanangu alikipokea kwa mikono miwili. Hilo nililiona. Mimi ndiye niliyemfundisha toka ana miaka miwili: anachokupa mtu mzima unapokea kwa mikono miwili, hukirudishi, hata kama ni maganda ya ndizi. Na udi kwetu si ibada. Udi kwetu ni Ijumaa, ni mgeni kaja, ni nguo za kutoka. Chetezo kipo sebuleni kwetu mpaka leo. Mtoto aliyekulia kwenye moshi ule akipewa udi na bibi wa watu, ataogopa nini? Akausimamisha kwenye mchanga kando ya ule wa kwanza.

Kama aliinama au hakuinama, sijui. Baba yake, aliyekuwa ndiyo kwanza anatokea upande wa pili, anasema aliinama mbele ya sanamu. Mwanangu anasema alikuwa akiangalia kijiti kisianguke. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Nilipoinua uso niliona moshi, na mgongo wa mwanangu ukinyooka, na uso wa mume wangu. Mgongo ukinyooka maana yake ulikuwa umepinda, lakini mtu hupinda mgongo kwa mambo mengi.

"Twendeni," mume wangu akasema. Hakupandisha sauti. Yule bibi alimsalimu naye akaitikia vizuri, hilo nampa haki yake.

Kwenye basi tulikaa juu, wao wawili mbele, mimi nyuma yao. Tulipita vituo kadhaa. Kisha mtoto akamwuliza baba yake ameonaje. Aliuliza kwa Kiingereza, baba akajibu kwa Kiswahili, ndivyo wanavyozungumza wale wawili siku zote.

"Nimeona."

Akamwuliza, basi jibu lake ni nini.

"Mie sikukatazi, mwanangu. Wewe mtu mzima, una digrii yako. Lakini unitake nikwambie nenda, mdomo wangu leo hauwezi."

"Kwa hiyo ni hapana," mtoto akasema.

Baba yake akatazama nje. Hakujibu, na mtoto hakuuliza tena.

Msomaji wa kwetu atakuwa ameshaelewa, lakini nitaeleza kwa asiyeelewa. Kwetu mzee akisema "leo siwezi" kisha akanyamaza, hajafunga mlango. Kauegesha. Anayetaka jambo haliombi mwenyewe mara ya pili, maana huko ni kumbana mzee ukutani. Anamtuma mtu. Anakwenda kwa shangazi yake, anamwambia, shangazi nisemee kwa baba. Shangazi anakuja, anakunywa chai, anazungumza habari za wagonjwa na za harusi, na mwisho kabisa anasema, kaka, na huyu mtoto je? Kaka anahema, anasema huyu mtoto kanikera, anataja lililomkera, shangazi anamwombea msamaha hata kama hakukosa, na radhi inatoka. Hakuna aliyeshindwa. Mimi mwenyewe niliolewa hivyo. Baba yangu alisema hawezi, mpaka wakaja watu mara tatu.

Shangazi wa watoto alikuwa Stratford, dada wa mume wangu, mwanamke hodari wa maneno ambaye angelimaliza lile jambo kabla chai haijapoa. Nilikaa nikisubiri mwanangu ampigie simu. Kwenda mimi mwenyewe kwa wifi yangu bila ya kutumwa sikuona kama ni sawa. Mama hawi mjumbe katika nyumba yake mwenyewe, yumo ndani ya jambo. Na pia, nikiwa mkweli, sikutaka nionekane nimechukua upande. Nilimwonea huruma mtoto, na nilimwonea huruma baba yake, na nilijiona mwadilifu kwa kukaa kimya katikati.

Jumapili iliyofuata mume wangu hakwenda kucheza karata kwa rafiki zake. Alioga, akavaa kanzu, akakaa sebuleni. Nilimwuliza kama kuna anayekuja, akasema huenda. Akaniambia nipike maandazi. Maandazi tuliyala sisi. Jumapili ya pili vile vile, na safari hii alinunua biskuti zile ambazo dada yake anazipenda, akaziweka mezani bado zimefungwa. Mtoto alipita sebuleni akaziona, akamwuliza kama anaweza kufungua. Akamwambia subiri kidogo. Alasiri ilipokaribia kwisha akamwambia haya, fungua.

Niliyaona haya yote na nilijua maana yake. Nilidhani mtoto naye anajua. Nilidhani anangoja apate pesa asiende kwa shangazi mikono mitupu, au anangoja shangazi yake arudi kutoka kwa mwanawe. Kila siku nilimtafutia sababu.

Ilikuwa jioni ya siku ya kazi. Tulikuwa jikoni, mimi na yeye, nachambua mchele. Baba yake aliingia kutafuta maji. Mtoto alikuwa akinieleza habari za kazi moja ya ofisini huko Croydon, kwenye yale majumba marefu, wamemwita kwenye mahojiano. Baba yake akasimama na glasi mkononi.

"Croydon ya nini? Na Japani?"

Akamwambia Japani alishawajibu. Aliwaambia hapana, wiki iliyopita, na nafasi wameshampa mtu mwingine.

"Nani alokwambia ukatae?"

"Wewe, baba."

"Mie? Mie nakaa hapa kila Jumapili namsubiri shangazi yako."

Mtoto alimwangalia, kisha akaniangalia mimi. Akauliza, kwa Kiingereza, na kwa kutaka kujua hasa, si kwa ujeuri, shangazi anahusika nini na jambo hili.

Ningemjibu nini? Nilimfundisha mikono miwili. Nilimfundisha kuamkia, kuvua viatu, kutokula barabarani. Hili sikumfundisha kwa sababu hata mimi hakuna aliyenifundisha, nililikuta tu hewani, kama nilivyoukuta udi. Sikujua kwamba katika hewa ya Hayes halimo.

Baba yake aliweka glasi chini bila ya kunywa. Akasema waandikie tena, waambie baba yako karidhia, nimekuridhia, sikiliza, nimekuridhia mbele ya mama yako. Aliandika. Nao wakajibu kwa heshima sana kwamba kwa mwaka ule nafasi hakuna, aombe mwakani. Lakini mwakani alikuwa na kazi Croydon, na chumba alichokodi na mwenzake, na nilipomkumbusha akasema mama, sasa hivi siwezi. Nilikaa nikijiuliza ile "siwezi" ni ya kwao au ya kwetu. Nikamtuma shangazi yake. Alirudi akaniambia mtoto kamkirimu vizuri, kampikia, wamecheka, lakini hakuna kitu, wifi yangu, siwezi ni siwezi.

Sitaki niseme maisha yake yameharibika, itakuwa uongo. Kazi yake nzuri. Anawasaidia watu wenye barua za uhamiaji wasizozielewa, wengine wa kwetu, anawaombea tarehe, anawaambia waseme nini. Hana kinyongo na baba yake, au anacho na haonyeshi. Safari moja nilimwona kazini kwake, kwenye kioo cha dirisha la ofisi kuna picha ndogo ya mlima wenye theluji, nikataka kuuliza kama ni ule wa Japani, nikaona watu wanamsubiri.

Baba yake ndiye aliyebadilika, na kwa namna ambayo watu wanaisema mpaka leo. Walipokuja kumposa mdogo, miaka kadhaa baadaye, walikuja watu wazima wanne kutoka Stratford na mmoja kutoka Coventry, wamevaa, wamejipanga kwa maneno. Walijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba siku ya kwanza wataambiwa tumewasikia, tutawauliza wakubwa, na kwamba watarudi mara mbili au tatu. Msemaji wao, yule wa Coventry, alianza mbali, na dua, na sifa za koo zetu mbili. Alikuwa bado hajafika kwenye jina la kijana mume wangu alipomkata.

"Binti kashaniambia anamtaka," akasema. "Mie nimekubali. Nimeridhia, na mama yake karidhia. Pangeni siku."

Wageni wakatazamana. Yule mzee wa Coventry alibaki na mdomo wazi, maskini, hotuba yake yote imebaki tumboni. Shangazi wa watoto alijiziba uso kwa mtandio kwa aibu. Baadaye alinambia kaka yake amemuuza mtoto rahisi kama embe za msimu, na wapo wa upande ule wanaosema mpaka leo kwamba tulikuwa na haraka, kwa hiyo lazima palikuwa na jambo. Nawaelewa. Kwa adabu zetu mume wangu alikosa.

Mkubwa ndiye aliyekuwa akiingia na sinia la chai wakati ule. Alikuwa amekuja kutoka Croydon toka asubuhi kunisaidia. Maneno ya baba yake aliyasikia yote, yalimkuta kizingitini. Alisimama hapo, sinia mkononi, muda mfupi tu, labda mimi peke yangu niliyeona. Baba yake alimwona pia, nafikiri, kwa sababu aliinamisha macho kwenye zulia.

Kisha mwanangu akaja mbele, akapiga goti kwa mgeni mkubwa kwanza, kama inavyotakiwa, akamwuliza atatia sukari vijiko vingapi.